Namna ya kuchukua damu ya kupima lipidi za kinga bila kuiharibu njiani

Tyubu 41 za damu zilishuka na meli kutoka Nansio, kisiwani Ukerewe, siku ile, nami nikazipokea bandarini Mwanza kama mtu aliyekuja kupokea wageni. Boksi safi, barafu bado ipo, fomu zimejazwa kwa mwandiko unaosomeka. Nilipotoa tyubu ya kwanza kwenye sentrifuji, ile mashine ya kuzungusha damu, plazma, yaani maji ya damu yanayobaki juu, ilikuwa na rangi ya maji ya rozela. Ya pili hivyo hivyo. Nilipofika ya kumi na mbili nikakaa chini. Plazma nzuri ina rangi ya majani makavu ya mpunga. Hii nyekundu maana yake chembe nyekundu za damu zimepasuka, au kama tunavyosema maabara, damu imehemolaizi. Watu wale walikuwa wamelala bila kula, wakapanda baiskeli na bodaboda hadi kliniki, wakanyoosha mikono wachomwe, na mimi sikuwa na kitu cha kupima. Imepita miaka sasa na bado inaniuma.

Haya nayaandika kwa mteknolojia wa maabara, muuguzi au mwanafunzi aliyeambiwa kesho aanze kukusanya damu ya kupimia prostaglandini au S1P, lipidi mbili zinazoongoza kinga, kwa watu wanaoishi na VVU, homa ya ini ya B, au kirusi kingine kinachoingia mwilini kikakaa. Kama umezoea damu ya CD4 na ya wingi wa virusi utajiona umefika. Mimi nilijiona hivyo. Lakini ndani ya tyubu chembe bado ziko hai, na zinaendelea kutengeneza kitu kile kile unachotaka kukipima. Damu haijui kwamba imetoka mwilini.

Ujue kwanza unatafuta nini

Ukimwambia mtu unapima lipidi, anafikiria kolesteroli na chipsi. Hizi ni lipidi za aina nyingine: chembechembe ndogo za mafuta ambazo seli hutumiana kama ujumbe. Ziko nyingi, ila mbili ndizo zitakazokutoa jasho.

Ya kwanza ni prostaglandini E2. Seli ikikerwa, asidi ya arakidoniki hukatwa kutoka kwenye utando wake, vimeng'enya vya COX huigeuza, na mwisho wa mnyororo hutoka PGE2. Ulf von Euler wa Sweden ndiye aliyezipa prostaglandini jina lake miaka ya 1930, kwa sababu alizikuta kwenye shahawa akadhani chanzo chake ni tezi dume, yaani prosteti. Mwaka 1971 John Vane wa Uingereza alionyesha kwamba aspirini hufanya kazi kwa kuzuia utengenezaji wake. Kwa hiyo homa na maumivu unayoyatuliza kwa kidonge, sehemu kubwa ni PGE2 ikizungumza.

Kwa seli T, wale askari wa kinga wanaoua seli zenye kirusi, maneno yake ni mengine. Seli T ina vipokezi vya PGE2, hasa viitwavyo EP2 na EP4, na ujumbe ukifika hapo seli inaambiwa ipunguze kasi. Katika ugonjwa wa siku chache hilo ni jambo jema, mwili unatulia baada ya vita. Shida huja kirusi kisipoondoka. Mengi ya tunayoyajua hapa yametoka kwa panya walioambukizwa LCMV, kirusi cha panya wenyewe. Aina yake iitwayo Armstrong panya huimaliza katika muda wa wiki moja hivi. Ndugu yake, clone 13, hukaa kwa miezi, na seli T zinazopambana naye huchoka. Zipo, unaziona kwenye mashine, ila haziui. Mwaka 2015 kundi la Susan Kaech lilionyesha kwamba seli T zilizo kwenye vita hiyo ndefu hubeba EP2 na EP4 kwa wingi zaidi, na kwamba kuzuia PGE2 pamoja na ile breki nyingine maarufu, PD-1, kulizirudishia nguvu na kuvibana virusi kuliko kuzuia moja peke yake.

Ya pili ni sfingosini-1-fosfeti, S1P. Hii naipenda kuliko zote kwa sababu inafanya kazi kama harufu ya chakula kutoka jikoni. Iko nyingi kwenye damu na kwenye limfu, chache ndani ya tezi za limfu, zile kambi za seli za kinga. Seli T iliyo ndani ya tezi ina kipokezi kiitwacho S1PR1, inanusa upande wenye S1P nyingi, inatoka kuelekea huko. Kirusi kikiingia, interferoni, kengele ya mwili ya kutangaza kirusi, huifanya seli ioteshe protini iitwayo CD69, na CD69 huikamata S1PR1 na kuivuta ndani. Pua imezibwa. Seli inabaki kwenye tezi siku kadhaa ikimsoma adui, kisha pua inazibuka, inatoka kwenda kazini.

Kuna dawa inayoziba pua hiyo kwa makusudi: fingolimodi, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2010 kwa ugonjwa wa mfumo wa neva uitwao multipo sklerosisi. Mgonjwa anayeitumia ukimpima, limfosaiti, yaani chembe nyeupe zikiwemo seli T, zimeshuka sana. Mtu wa maabara asiyejua atarudia kipimo mara tatu na kulaumu mashine. Seli hazijafa, zimefungiwa kwenye tezi. Nakumbusha hapo kwamba katika limfosaiti zote za mwili, karibu asilimia 2 tu ndizo ziko kwenye damu wakati wowote. Unachokiona kwenye tyubu ni abiria walioko barabarani, mji wenyewe huuoni.

Mwaka 2008 watafiti waliwapa panya wenye clone 13 dawa hiyo kwa muda mfupi, na kinga yao ikakiondoa kirusi. Mwaka 2020 wengine, Missouri, wakachunguza SphK2, kimojawapo cha vimeng'enya vinavyotengeneza S1P. Panya waliozaliwa bila hicho kimeng'enya walipambana na clone 13 kwa ukali hadi kinga yao wenyewe ikaharibu figo, wakafa. Lakini panya wa kawaida waliopewa dawa ya kukizuia tu walikimaliza kirusi mapema. Soma sentensi hizo mbili tena taratibu. Breki ile ile inayomlinda kirusi inalinda na figo. Ndiyo maana nakasirika nikiona mtu anachukua damu hii kama anachota maji: kipimo kibaya kinaweza kumwambia daktari kwamba breki imekanyagwa mahali ambapo haijaguswa.

Kabla ya sindano: muulize kuhusu vidonge, na uulize vizuri

Hapa ndipo nilipokosea kwa muda mrefu bila kujua. Kulikuwa na mzee mmoja, mvuvi, aliyekuwa akija kliniki ya kisiwani kila mara kabla ya watu wote.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu."

Nikamsomea swali kama fomu ilivyoniagiza: ndani ya wiki mbili umetumia dawa yoyote ya maumivu?

"Hapana. Mimi nameza zile zangu za kila siku tu."

Nikaweka alama ya hapana. Alipokunja mkono wa shati, kikaanguka kipande cha gazeti kilichokunjwa mara nne. Nikakiokota nimrudishie, kikafunguka: vidonge vitatu.

"Na hivi, babu?"

"Hivyo si vya maumivu. Hivyo ni vya kiuno. Nikitoka ziwani nameza kimoja."

Ilikuwa diklofenaki, ambayo nayo huzuia COX kama aspirini. Kwake yeye maumivu ni ugonjwa, kiuno ni kazi. Ningeipeleka damu ile, PGE2 ingetoka chini, nami ningeandika kwamba mtu huyu mwenye VVU ana prostaglandini kidogo.

Tangu hapo natembea na kipande cha ubao nilichobandika vidonge vyenyewe na pakiti zake: aspirini, ibuprofeni, diklofenaki, parasetamoli, na ile mipakiti ya rangi inayouzwa dukani pamoja na sukari. Naweka ubao mezani nauliza, "Katika hivi, kipi umemeza tangu gulio la juzi?" Watu huonyesha kwa kidole. Wengine hucheka na kusema, "Kumbe na hiki ni dawa?" Andika jina, siku na saa. Kwa aspirini rudi nyuma wiki mbili nzima, kwa sababu inaiharibu COX ya chembe sahani, zile zinazogandisha damu, moja kwa moja, chembe sahani haina kiini cha kutengenezea nyingine, na huishi siku 8 hadi 10. Nyingine hutoka mwilini mapema zaidi. Ila kama daktari amemwandikia mtu aspirini ya moyo, usimwachishe kwa ajili ya utafiti wako. Andika tu kwamba anaitumia.

Mengine ya kuandika kabla ya sindano: saa aliyokula mara ya mwisho, hemoglobini yake, na HDL, ile kolesteroli nzuri, kama ipo. Hemoglobini kwa sababu chembe nyekundu ni ghala kubwa la S1P. HDL kwa sababu sehemu kubwa ya S1P ya plazma husafiri imebebwa na HDL, na VVU isiyotibiwa hushusha HDL. Ukikuta S1P iko chini kwa mtu mwenye HDL ya chini, huenda umepima upungufu wa mabasi ukadhani abiria wamepungua.

Mkononi

Asubuhi, tumbo tupu tangu usiku, maji ruksa. Saa ile ile kwa watu wote, mimi nimeshika saa mbili hadi saa nne asubuhi.

Sindano namba 21. Nyembamba zaidi hukamua chembe, na ukiwa na mshipa mgumu ni afadhali ubadili mkono kuliko kuchimba. Mpira wa kufungia mkono usizidi dakika moja; damu ikianza kuingia ulegeze. Usimwambie mtu akunje na kukunjua ngumi. Na usivute damu kwa bomba kisha ukaisukuma kwenye tyubu kupitia sindano. Nimewaona watu wazima wenye vyeti wakifanya hivyo ili kuokoa muda.

Tyubu ya kwanza jaza ile ya seramu, kwa vipimo vya kawaida vya figo na ini. Damu ya mwanzo ndiyo iliyogusa jeraha la sindano, chembe sahani zake zimeshtuka. Ya lipidi iwe ya pili, yenye kifuniko cha zambarau, ya EDTA inayozuia damu kuganda. Ijae hadi kwenye mstari. Igeuze juu chini polepole mara 8 hadi 10. Kuigeuza, nasema, usiitikise.

Kwa nini usipimie lipidi hizi kwenye seramu? Kwa sababu ili seramu ipatikane damu lazima igande, na chembe sahani zikigandisha damu humwaga S1P na kutengeneza tromboksani, ndugu ya prostaglandini, papo hapo ndani ya tyubu. Seramu ya mtu ina S1P nyingi kuliko plazma yake mwenyewe ya dakika ile ile. Ukiona mahali wamelinganisha seramu ya wagonjwa na plazma ya wazima, funga ukurasa.

Kama mradi wako unapima prostaglandini, tyubu ziandaliwe mapema zikiwa na indometasini kidogo ya kuzuia COX isiendelee kufanya kazi baada ya damu kutoka, na baadaye plazma itiwe BHT ili mafuta yasioksidike. Ziandaliwe na mtu mmoja, siku moja, kwa watu wote, wagonjwa na wazima. Nusu ya tyubu zikiwa nayo na nusu hazina, umeanzisha tofauti ambayo hakuna takwimu itakayoiondoa.

Barafu yenye maji, na saa ya ukutani

Sasa nikuambie kilichoziharibu zile 41. Mwenzetu wa kisiwani alikuwa amezipanga tyubu katikati ya vipande vya barafu vya plastiki vilivyotoka moja kwa moja kwenye friza, vikiwa vikavu na vikali. Damu iliyogusa ukuta wa kioo ikaganda kwa baridi, na chembe nyekundu ikigandishwa hupasuka. Halafu meli, zaidi ya saa tatu za mawimbi. Alifanya kwa moyo wake wote. Hakuna aliyekuwa amemwonyesha. Mafunzo tuliyompa yalikuwa karatasi moja iliyosema "weka kwenye barafu".

Kwa hiyo usiseme "weka kwenye barafu". Sema: chukua ndoo ndogo au jagi la plastiki, tia barafu iliyopondwa, mimina maji mpaka barafu ielee, simamisha kishikio cha tyubu ndani yake. Maji yenye barafu yanakaa nyuzi sifuri na hayashuki zaidi. Ukitia kidole unaumia lakini hakigandi. Tyubu isiguse kipande cha barafu kavukavu hata kimoja.

Kisha tazama saa. Tangu sindano itoke hadi sentrifuji ianze kuzunguka, lenga nusu saa. Ikikushinda, saa moja, na uandike. Afadhali watu wote wawe dakika 45 kuliko wengine 10 na wengine 90, maana makosa yanayofanana unaweza kuyaona na kuyahesabu.

Sentrifuji yenyewe iwe imepozwa hadi nyuzi 4 kabla hujaanza kuchoma mtu wa kwanza. Na hapa kuna kosa ambalo nimelikuta maabara zaidi ya moja: mwongozo unasema 2,000 g, yaani mara 2,000 ya nguvu ya mvutano wa dunia, mtu anaweka mizunguko 2,000 kwa dakika. Si kitu kimoja. Pima kwa rula kutoka katikati ya mhimili hadi kitako cha tyubu ikiwa imelala, kwa sentimita. Zidisha namba hiyo kwa mizunguko kwa dakika, zidisha tena kwa mizunguko kwa dakika, halafu kwa 0.00001118. Mashine yetu ya Mwanza ina sentimita 16; kwa mizunguko 3,400 inatoa karibu 2,070 g. Ile ndogo tuliyopeleka kisiwani ina sentimita 10. Kwa mizunguko ile ile inatoa karibu 1,290 g tu, na chembe sahani zinabaki zikielea kwenye plazma. Nimeandika hesabu hiyo kwa kalamu ya rangi kwenye mfuniko wa kila mashine.

Zungusha dakika 15, breki ikiwa imezimwa au imelegezwa. Nyonya plazma kutoka juu, acha kama nusu sentimita juu ya ule utando mweupe. Najua inauma kuiacha. Iache. Ndani ya ule utando kuna chembe sahani zinazosubiri umwage S1P yao kwenye sampuli yako. Weka plazma kwenye tyubu nyingine, zungusha mara ya pili, na nyonya tena bila kugusa kitako.

Shika tyubu mbele ya karatasi nyeupe dirishani. Majani makavu: sawa. Waridi hafifu: andika. Rozela: itenge, isiende kwenye kipimo cha S1P, na mpigie simu mwenzako leo hii mwulize kilichotokea, msisubiri ripoti ya mwezi. Mwenye spektrofotomita apime na mwanga wa nanomita 414, hemoglobini hujitaja yenyewe pale.

Gawa plazma kwenye vitubu vidogo vya mikrolita 200, kila kimoja kwa kipimo kimoja. Kuyeyusha na kugandisha tena huharibu. Ziende nyuzi 80 chini ya sifuri siku hiyo hiyo. Kuhusu umeme sina la kukufundisha usilolijua. Hakikisha tu jenereta inawashwa mara moja kwa wiki hata kama umeme haukukatika, na daftari la joto linasainiwa na mtu aliyefungua mlango wa chumba kweli. Ukisafirisha kwa barafu kavu, gari liende vioo vikiwa wazi, gesi inayotoka kwake ni kabonidayoksaidi na dereva haioni ikimlewesha.

Chukua na mkojo

Kama lengo lako ni PGE2, ukweli ni kwamba damu ni mahali pabaya pa kuitafuta. Ikipita mara moja kwenye mapafu sehemu kubwa yake inavunjwavunjwa. Kitakachobaki kwenye plazma ni kidogo, na kinachotengenezwa na mkono wako wakati wa kuchoma kinaweza kukizidi. Mabaki yake hutoka kwenye mkojo, yanaitwa PGE-M, na hayo hayatengenezwi na sindano. Mkojo wa asubuhi, pamoja na kreatinini ya mkojo ili usidanganywe na mtu aliyekunywa maji mengi. Igandishe kama plazma. Nilipoanza kuomba mkojo wengine walisema naongeza kazi. Ndiyo namba pekee za PGE2 katika mradi ule ambazo leo nazisimamia bila wasiwasi.

Ijaribu njia yako kwa damu yako mwenyewe

Hili lifanye kabla ya kumchoma mgonjwa yeyote. Baada ya zile 41, sita kati yetu tulijitolea, kwa kibali na kwa fomu kama mtu mwingine yeyote. Kila mmoja tyubu mbili. Moja ikazungushwa pale pale Nansio, ya pili ikapanda meli ikiwa damu nzima, kwenye barafu yenye maji, bila kosa lolote. Plazma zote zilitoka na rangi nzuri. Nilifurahi sana. Majibu yalipokuja, S1P ya tyubu zilizosafiri ilikuwa juu kuliko ya wenzao, kwa watu wote sita. Rangi ilikuwa imenidanganya: chembe nyekundu hazikupasuka, ziliendelea tu kuachia S1P taratibu njia nzima.

Siku hiyo tuliacha kusafirisha damu nzima. Tukapeleka ile sentrifuji ndogo kisiwani pamoja na tangi la naitrojeni kimiminika, na yule mwenzetu akawa ndiye anayezungusha na kugandisha. Sasa hivi mikono yake ni bora kuliko yangu.

Jaribio hili halina gharama kubwa. Tyubu mbili kwa mtu, njia mbili, basi. Kama njia yako ni ya lami ya dakika kumi na tano, huenda ukakuta hakuna tofauti, na utalala usingizi.

Majibu yakifika

Kupima kwenyewe hufanyika kwa mashine ya kutenganisha na kupima uzito wa molekuli, na mara nyingi sampuli zitaenda mbali, kwa hiyo sirefushi. Waulize tu kama waliongeza viwango vya ndani vyenye diuteri, ile hidrojeni nzito, kabla ya kuchuja, na kama sampuli za wagonjwa na za wazima zilichanganywa kwenye kila kundi la kupimwa. Wakikujibu kwa kusitasita, uliza tena.

Kisha, kabla ya kutazama wagonjwa, tazama tromboksani B2 kwa kila mtu. Hiyo ni alama ya chembe sahani zilizoshtuka. Mtu mwenye tromboksani B2 ya juu kabisa na S1P ya juu kabisa, shuku mkono wa mchukuaji damu kwanza. Panga matokeo kwa jina la mchukuaji, kwa siku, kwa dakika za kusubiri. Mimi huchora grafu hizo tatu kwa mkono kwenye karatasi ya mraba kabla sijafungua kompyuta. Zikiwa tambarare, ndipo naanza kuuliza VVU imefanya nini.

Na kumbuka kikomo cha namba yako. S1P ya plazma haikwambii ilivyo ndani ya tezi, na ni ile tofauti kati ya tezi na damu ndiyo inayoiongoza seli. Kwenye ripoti andika "S1P ya plazma", usiandike "S1P ya mgonjwa".

Watakuuliza kuhusu aspirini

Ubao wangu wa vidonge uliamsha maswali, na ni haki yao. Babu yule ndiye aliyeuliza wa kwanza: "Kwa hiyo hizi za kiuno zinapunguza hicho kitu kinachoichosha kinga. Si nimeze kila siku?"

Nilimjibu kwa tunachokijua. Nairobi walifanya utafiti kwa wanawake wasio na VVU: aspirini kidogo, miligramu 81 kwa siku, kwa wiki sita, ilipunguza sehemu za siri zile seli ambazo VVU hupenda kuziingia. Norway waliwapa watu wenye VVU ambao hawajaanza ARV dawa ya kuzuia COX-2, selekoksibu, na dalili za kinga iliyochemka zikashuka. Lakini Marekani, kwa watu ambao tayari virusi vyao vimefubazwa na ARV kama yeye, aspirini ya wiki 12 haikutuliza kinga kuliko kidonge kitupu. Na yeye anatumia ARV yenye tenofovia, ambayo figo ndizo zinazoitoa. Diklofenaki nayo hubana damu inayoingia kwenye figo, kwa sababu figo hutegemea prostaglandini kuweka mishipa yake wazi. Ukizipanga pamoja kila siku, unamchosha punda mmoja kwa mizigo miwili.

Alinyamaza kidogo, akaniuliza figo zake zikoje sasa. Nikampeleka kwa daktari na kile kikaratasi chake cha gazeti. Daktari akambadilishia kwenda parasetamoli, akaomba kreatinini, kipimo cha figo. Hatukumchoma tena, ile tyubu ya kwanza, ya seramu, iliyotangulia ya zambarau, bado ilikuwa kwenye kishikio.